Nani Humwona Mtoto Anayesomea Nyumbani?

Chukua ndugu watatu waliokimbia vita Goma, mmoja akapata makazi Dallas, Texas, wa pili Pittsburgh, Pennsylvania, wa tatu Hamburg, Ujerumani. Kila mmoja ana mtoto wa miaka tisa na kila mmoja amechoshwa na shule. Wa Dallas anaiandikia shule barua kwamba mtoto atasomea nyumbani, na kisheria yamekwisha: hakuna mtihani, hakuna mkaguzi, hakuna fomu ya mwakani. Wa Pittsburgh anatia saini hati ya kiapo, anaeleza malengo ya kila somo, anaonyesha kadi ya chanjo, kisha kila mwaka anampeleka mtoto kwa mtathmini. Wa Hamburg haruhusiwi kabisa. Akishikilia msimamo atatozwa faini, na mambo yakifika mbali mahakama inaweza kumnyang'anya sehemu ya mamlaka yake kama mzazi.

Ndiyo maana mjadala wa kusomesha watoto nyumbani huwavuruga watu kila unapozuka. Mmoja anazungumzia uhuru wa mzazi, wa pili anajibu kwa habari ya mtoto aliyeteswa, wa tatu anauliza kama mtoto anajua hesabu, na kila mmoja anadhani amemjibu mwenzake. Hapa kuna maswali matatu tofauti. Je, mtoto anasoma? Je, yu salama? Na mzazi na serikali wasipoelewana, neno la mwisho ni la nani? Mtihani wa hesabu hauwezi kufichua mtoto anayepigwa, na ofisa ustawi wa jamii hawezi kujua kama mtoto anaelewa sehemu na desimali. Nitaanza na swali la tatu kwa sababu ndilo la zamani na ndilo lililotengeneza majibu ya mengine. Nitakaa zaidi Marekani, maana huko ndiko mambo haya yamepiganiwa sana mahakamani na kwenye mabunge ya majimbo.

Massachusetts ilipitisha sheria ya kwanza ya elimu ya lazima nchini humo mwaka 1852, na Mississippi ikawa ya mwisho mwaka 1918. Nyuma ya sheria hizo kulikuwa na nia njema na mbaya kwa pamoja: kuwatoa watoto viwandani, kuwafundisha wahamiaji Kiingereza, na pia hofu dhidi ya Wakatoliki. Hofu hiyo ilijitokeza waziwazi Oregon mwaka 1922, wapiga kura walipopitisha sheria, ikiungwa mkono na kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, ya kumlazimisha kila mtoto wa miaka 8 hadi 16 asome shule ya serikali. Masista waliokuwa na shule zao wakaenda mahakamani, na mwaka 1925, katika kesi inayojulikana kama Pierce, Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki. Mtoto, ilisema, si kiumbe wa dola tu. Wanaomlea wana haki na wajibu mkubwa wa kumwandalia maisha yake.

Maneno hayo hunukuliwa mno na wazazi wanaotetea kusomesha nyumbani. Kisichonukuliwa sana ni kile ambacho hukumu hiyohiyo ilitangulia kusema: kwamba hakuna aliyekuwa akibisha uwezo wa jimbo kuweka kanuni za busara kwa shule zote, kuzikagua, kuzisimamia, kuwapima walimu na wanafunzi wake, na kudai masomo ya lazima kwa raia mwema yafundishwe. Sehemu zote mbili zimo katika hukumu moja. Anayechukua moja na kuiacha nyingine anajenga hoja kwa nusu ya maneno ya mahakama.

Mwaka 1944 mahakama hiyo ilikwenda mbele zaidi. Mwanamke wa dhehebu la Mashahidi wa Yehova, huko Massachusetts, alikuwa amemchukua mtoto wa miaka tisa aliyekuwa chini ya ulezi wake kwenda kugawa majarida barabarani jioni, akashtakiwa kwa sheria ya ajira ya watoto. Majaji walimwambia kwamba mzazi yuko huru kujitoa mhanga mwenyewe kwa imani yake, lakini hana uhuru wa kumtoa mhanga mtoto kabla hajafika umri wa kujiamulia.

Kisha ikaja kesi ya Yoder, mwaka 1972, na hapa inafaa tutulie kidogo. Wazazi watatu wa Amish, jamii ya Wakristo wakulima wanaojitenga na maisha ya kisasa, katika Green County, Wisconsin, walikataa kuwapeleka watoto wao wa miaka 14 na 15 shule ya sekondari. Elimu ya miaka minane inatosha, walisema; inayobaki watajifunza shambani na kanisani. Walitozwa faini ya dola 5 kila mmoja. Mahakama ya Juu iliwaunga mkono kwa sababu ya imani yao na historia ndefu ya jamii yao kujitegemea. Lakini Jaji William Douglas aliuliza swali ambalo wenzake walilipita: watoto wenyewe wanasemaje? Katika kesi nzima ni binti mmoja tu aliyekuwa ametoa ushahidi kuhusu anachokitaka. Huenda mmoja wa hao wengine, aliandika Douglas, anataka kuwa mpiga piano, au mwanaanga, au mtaalamu wa bahari. Akikatiziwa masomo akiwa na miaka 14, milango hiyo imefungwa na mtu mwingine kwa niaba yake.

Kwangu mimi swali la Douglas ndilo kiini cha jambo lote. Tumezoea kulieleza suala hili kama mvutano wa pande mbili, mzazi na serikali. Mtoto amewekwa katikati kama mali inayogombaniwa, ilhali yeye ndiye atakayeishi na matokeo kwa miaka 60 au 70 ijayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 umempa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Marekani iliutia saini mwaka 1995 lakini mpaka leo haijauridhia.

Mahakama ya Juu yenyewe haijawahi kutoa hukumu juu ya kusomesha nyumbani moja kwa moja. Pengo hilo lilijazwa na majimbo, moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazazi walikuwa bado wanashtakiwa kwa utoro wa watoto wao. Mwaka 1983 kikaanzishwa chama cha kuwatetea kisheria, HSLDA, na kufikia 1993 kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Yalikuwa mafanikio ya haraka ajabu. Yaliletwa na wazazi waliojipanga vizuri, waliojaza ukumbi kila muswada ulipojadiliwa, na katika majimbo mengi masharti yaliyokuwepo yalilegezwa kidogo kidogo. Watoto hawana chama cha namna hiyo. Waliosomea nyumbani walipokua watu wazima ndipo baadhi yao walipoanzisha chao, mwaka 2013, kudai usimamizi ambao wao wenyewe hawakuupata.

Ni vema tujue wazazi hawa ni akina nani, kwa sababu picha iliyozoeleka imepitwa na wakati. Mwaka 1999 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikadiria watoto 850,000 wanasomea nyumbani. Mwaka 2019 walikuwa takriban milioni 1.5. Kisha likaja janga la korona. Ofisi ya Sensa iliona kaya zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua ya 2020 hadi asilimia 11.1 vuli ya mwaka huohuo. Kwa kaya za Wamarekani weusi, kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Wengi wa wazazi hao weusi hawakutoka shuleni kwa sababu ya dini. Walikuwa wanaona watoto wao wa kiume wakiadhibiwa kwa makosa ambayo wenzao weupe wanasamehewa. Wapo pia wenye watoto wa usonji ambao shule ilishindwa kuwahudumia, na wenye watoto walioonewa na wenzao mpaka wakagoma kwenda. Siwezi kuwatazama wazazi hawa kwa jicho la shaka. Wengi wao wanafanya kazi ya kupigiwa mfano.

Sasa tuone usimamizi unavyofanya kazi kwa vitendo, maana hapa ndipo maneno makubwa yanapogeuka makaratasi.

California, mzazi anayesomesha nyumbani kwa kawaida hujisajili kama mwenye shule binafsi. Kila mwaka, kati ya tarehe 1 na 15 Oktoba, anajaza hati ya kiapo mtandaoni: jina la shule, anwani, nani mkuu wa shule, wanafunzi wangapi katika kila daraja. Hakuna anayekuja kuangalia. Hati yenyewe inaonya kwamba kuijaza hakumaanishi serikali imeipima au kuitambua shule hiyo. Huko Perris, mashariki ya Los Angeles, baba mmoja alijaza hati hiyo na kujiandika mkuu wa shule. Januari 2018 binti yake wa miaka 17 alitorokea dirishani usiku akiwa na simu ya zamani, akawapigia polisi. Ndani ya nyumba walikutwa ndugu zake 12, kuanzia mtoto wa miaka miwili hadi mtu mzima wa miaka 29, baadhi wamefungwa kwa minyororo, wamekonda kiasi kwamba polisi waliwadhania watu wazima kuwa watoto. Wazazi walikiri makosa na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha.

Jambo moja katika kesi ile haliniondoki. Mwendesha mashtaka wa kaunti alisema baadhi ya watoto wale hawakujua hata polisi ni nani. Nilisema mwanzoni kwamba kusoma na usalama ni maswali mawili, na ni kweli, lakini hapa yanakutana. Mtoto asiyefundishwa chochote hajui kwamba anachotendewa ni kosa, hajui wa kumwambia, na hata akitoka nje hajui aelekee wapi.

Baada ya tukio hilo mbunge mmoja wa California alileta muswada wa kutaka taarifa kidogo zaidi kutoka kwa shule hizi za nyumbani. Aprili 2018 wazazi walifurika bungeni, foleni ya waliotaka kusema ikachukua saa kadhaa, na mwishowe hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyetoa hoja muswada upigiwe kura. Ukafia palepale.

Pennsylvania wanakwenda kwa njia nyingine. Mzazi anayefundisha sharti awe amemaliza sekondari. Anawasilisha hati ya kiapo kwa mkuu wa elimu wa wilaya, na ndani yake anathibitisha, pamoja na mengine, kwamba hakuna mtu mzima nyumbani humo aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani makubwa katika miaka mitano iliyopita. Masomo ya lazima yametajwa: Kiingereza, hesabu, sayansi, jiografia, historia, uraia, afya, muziki, sanaa, hata kinga dhidi ya moto. Mwaka wa masomo ni siku 180, au saa 900 kwa elimu ya msingi na 990 kwa sekondari. Mzazi anaweka daftari la kumbukumbu linaloandikwa kadiri masomo yanavyokwenda, vitabu gani vimesomwa, pamoja na sampuli za kazi za mtoto: insha, mazoezi ya hesabu, michoro. Darasa la tatu, la tano na la nane kuna mtihani sanifu.

Mwisho wa mwaka anakuja mtathmini. Ni mwalimu mwenye leseni au mwanasaikolojia, na mzazi ndiye anayemchagua na kumlipa. Anapitia jalada, na kisha, hili ndilo la maana kuliko yote, anazungumza na mtoto. Ikifika tarehe 30 Juni barua yake ya kuthibitisha kwamba elimu ya kufaa inatolewa iwe imefika kwa mkuu wa elimu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2014, jalada lenyewe haliendi tena wilayani. Barua ya mtathmini ndiyo inayokwenda.

Wazazi wengine wa Pennsylvania wanalalamika kwamba ni makaratasi mengi, na siwalaumu. Lakini tazama kinachopatikana. Serikali haiingii sebuleni, haichagui vitabu, haimwambii mzazi aamini nini. Inachodai ni kwamba mara moja kwa mwaka mtu mzima mwenye taaluma, asiye mzazi, akae na mtoto uso kwa uso na kumuuliza anajifunza nini. Udhaifu wake nao uko wazi: mzazi mwenye la kuficha anaweza kutafuta mtathmini asiyeuliza sana. Hata hivyo ni bora kuliko hati ya California ambayo haisomwi na mtu.

Kwa swali la usalama, mahali penye hatari zaidi ni siku mtoto anapotolewa shule. Shuleni kuna mwalimu anayeona jeraha shingoni, mpishi anayeona mtoto anakula kama hajala juzi na jana. Kwa sheria za majimbo mengi ya Marekani watu wa shuleni wanawajibika kutoa taarifa. Mzazi mkatili analijua hilo, na mwalimu akianza kuuliza maswali, njia rahisi ya kumnyamazisha ni kumhamisha mtoto machoni pake. Mwaka 2018 ofisi ya mtetezi wa watoto ya jimbo la Connecticut ilichunguza watoto 380 waliotolewa shule katika wilaya sita, ndani ya miaka mitatu, kwa maelezo kwamba watasomea nyumbani. Watoto 138, sawa na asilimia 36, walitoka katika familia ambazo tayari zilikuwa na angalau taarifa moja ya kushukiwa kutesa au kutelekeza watoto iliyopokelewa na idara ya watoto.

Tarakimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Taarifa iliyopokelewa si kosa lililothibitishwa, na familia maskini, za watu weusi na za wahamiaji huripotiwa kwa urahisi kuliko za wengine. Familia nyingi za kwetu huko ughaibuni zimeonja jambo hili: mtoto anamwambia mwalimu "mama alinichapa", na jioni kuna mtu mlangoni na kitambulisho. Lakini hata ukiisoma kwa tahadhari zote, theluthi moja ya watoto wanaotolewa kutokea kwenye nyumba zenye faili si jambo la kufumbia macho. West Virginia kuna muswada, unaoitwa kwa jina la mtoto wa miaka minane aliyefariki mwaka 2018 baada ya kutolewa shule, unaotaka tu kwamba mtoto asitolewe wakati uchunguzi wa madai ya kuteswa bado haujakamilika. Hauwagusi wazazi wengine wote. Nao umekwama bungeni mara kwa mara.

Uingereza imefika mahali hapo kwa uchungu. Sheria yake ya Elimu ya 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ya kutwa inayolingana na umri na uwezo wake, ama kwa kwenda shule ama kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo msingi wote wa kusomesha nyumbani England, na yalirithiwa kutoka sheria ya 1944. Vuli ya 2024 watoto waliosomea nyumbani England walikadiriwa kuwa 111,700. Miongoni mwa waliotolewa shule mwaka 2023 alikuwa Sara Sharif, msichana wa miaka 10 wa Woking. Walimu walikuwa wameona michubuko usoni. Aprili baba yake alimtoa shule. Agosti alikutwa amekufa, mwili umejaa majeraha. Baba na mama wa kambo walipatikana na hatia ya mauaji Desemba 2024, na mwezi huohuo serikali ikawasilisha muswada wa kuunda daftari la watoto wote wasio shuleni, na kumtaka mzazi apate kibali cha halmashauri kabla ya kumtoa mtoto ambaye familia yake iko chini ya uchunguzi wa ulinzi wa mtoto.

Naunga mkono vipengele hivyo viwili. Lakini wazazi wa England wanaosema kwamba Sara hakuuawa na elimu ya nyumbani wana hoja ya haki. Familia ile ilijulikana kwa maofisa wa ustawi tangu mtoto anazaliwa, na mahakama ya familia ndiyo iliyokubali aishi na baba. Halmashauri ilipotuma watu kumtembelea kama mtoto anayesomea nyumbani, walikwenda kwenye anwani ya zamani. Daftari lisingesaidia kitu kama anwani iliyomo si sahihi na ofisa mmoja ana mafaili yanayomzidi kimo. Serikali inayodai uwezo wa kusimamia inabeba deni la kusimamia vizuri, na deni hilo halilipwi kwa kuongeza fomu.

Ujerumani inaona haya yote ni ya kujitakia. Wajibu wa kwenda shule uliingizwa katika Katiba ya Weimar ya 1919 na leo umo katika sheria za kila jimbo. Wajerumani hawazungumzii usalama tu. Hoja yao kubwa ni kwamba mtoto akutane na watoto wa imani na tabaka jingine, jamii isivunjike vipande visivyojuana. Mwaka 2013 watoto wanne wa familia moja ya Hesse walichukuliwa kwa wiki tatu kwa sababu wazazi walikataa kuwapeleka shule, na Januari 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema haki ya familia hiyo haikuvunjwa. Ufaransa ilikuwa ikimtaka mzazi atoe taarifa tu. Tangu Septemba 2022, kufuatia sheria ya Agosti 2021, anaomba kibali kwa sababu maalumu kama ugonjwa, ulemavu, michezo au sanaa ya kiwango cha juu, familia kuhamahama, au hali ya pekee ya mtoto. Hoja ya Wajerumani kuhusu kuchanganyika naiheshimu. Ila polisi kuwatoa watoto mikononi mwa wazazi ambao hawajawapiga wala kuwanyima chakula ni adhabu inayomwangukia yuleyule anayesemekana kulindwa.

Na Afrika Mashariki je? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, la sivyo ni kosa. Kusomesha nyumbani hakukuwekewa utaratibu wake. Wapo wazazi magharibi mwa Kenya waliokamatwa kwa sababu hiyo, na suala likafikishwa Mahakama Kuu. Wakati huohuo Nairobi kuna familia zinazofundisha nyumbani kwa mitaala ya nje na watoto kufanya mitihani ya Cambridge kama watahiniwa binafsi, bila kuulizwa. Mwenye fedha hupita. Asiye nazo hukutana na chifu.

Hali hii ina ubaya ambao haukumbukwi. Marufuku isiyotekelezwa na uhuru usio na sharti lolote huishia mahali pamoja: hakuna anayejua watoto hawa wako wapi. Mzazi mwema wa Kenya anaogopa kujitokeza, kwa hiyo hatafuti msaada wala ushauri, na mzazi mbaya anajificha katika kivuli kilekile. Mfumo mpya wa elimu wa Kenya, unaopima umilisi wa mtoto hatua kwa hatua, umeongeza ugumu. Tathmini ya mwisho wa Gredi 9, KJSEA, iliyofanyika mara ya kwanza 2025, inachukua asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi 6 na asilimia 20 kutoka kazi za shuleni za Gredi 7 na 8. Mtoto asiye na shule hana pa kuzipata alama hizo. Tanzania angalau ina mlango mmoja ulio wazi: mtu asiyepitia kidato cha pili anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, tuuitao QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya waliokosa nafasi. Haumlindi mtoto wa miaka saba, lakini unampa kijana njia ya kurudi.

Njia ya kurudi ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko hata visa vya mateso, kwa sababu mateso ni ya wachache na elimu pungufu ni ya wengi zaidi. Fikiria kijana wa miaka 18 wa jimbo lisilodai chochote. Hakufundishwa hesabu zaidi ya kugawanya, hana cheti kinachotambulika, wakati mwingine hata kumbukumbu za masomo hana, kwa kuwa mzazi aliyepaswa kuzitunza hakuzitunza. Amdai nani? Shule ya serikali ikimtelekeza mtoto kuna bodi, kuna gazeti, kuna mahakama. Huyu amebaki na wazazi wake, na kuwashtaki wazazi si jambo ambalo kijana wa kwetu, au wa kokote, analifanya kirahisi. Kama jimbo lingemuuliza mtu mara moja kwa mwaka, pengo hilo lingeonekana akiwa na miaka tisa, wakati bado linazibika.

Kwa hiyo nikiulizwa ningetaka nini, ningeanza na taarifa: serikali ijue mtoto huyu yupo na anasomea wapi. Ningezuia kumtoa shule mtoto ambaye uchunguzi juu ya nyumba yake haujafungwa. Ningetaka mtathmini wa mara moja kwa mwaka kama wa Pennsylvania, ila alipwe na serikali, ili asiwe mzigo kwa maskini wala kibarua cha mzazi. Na ningempa mzazi kitu kwa kurudishiwa: mtoto wake aruhusiwe kufanya mitihani ya taifa, kutumia maabara na uwanja wa shule ya jirani, kupimwa bure kama anaonekana kuwa na ugumu wa kusoma. Usimamizi unaokuja na polisi peke yake utakimbiwa. Ukaguzi wa nyumba kwa kila familia bila sababu yoyote siutaki. Unaziingilia nyumba elfu kutafuta moja, na tunajua nyumba zitakazobishiwa hodi kwanza ni za watu gani.

Kwa wazazi wetu walioko Marekani wanaofikiria hatua hii, sheria inayowahusu ni ya jimbo wanaloishi, wala si ya jimbo la rafiki aliyewashauri kwa simu. Usiache tu kumpeleka mtoto shule ukidhani inatosha, maana hapo unahesabiwa utoro. Andika barua ya kumtoa, itume kwa njia inayokupa risiti, na ubaki na nakala. Hata pale ambapo jimbo halidai, tunza daftari la masomo na kazi za mtoto kila mwezi, zenye tarehe, kwa sababu ukihamia jimbo jingine, au mtoto akitaka kurudi shule au kuomba chuo, ndizo zitakazomsemea. Na mtafutie mtu mzima mmoja nje ya nyumba, mwalimu wa madrasa, kocha, shangazi wa kanisani, ambaye anaonana naye kila wiki na anayeweza kuzungumza naye wewe usipokuwepo.